Mikono Yake na Yangu

Hakuna mtu aliyebaki hospitalini hapa anayeniita Barafu. Vijana ninaofanya nao kazi sasa wananiita dokta, na wakidhani sisikii wananiita bibi wa maabara. Kwa hiyo asubuhi ile niliposikia jina hilo likitamkwa mlangoni, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani kwenye kitasa, sikuhitaji kugeuka. Mkononi nilikuwa na kichupa chenye kipande cha pafu la mgonjwa, na nilikikazia vidole nisije nikakidondosha.

"Usiingie," nilisema bila kumtazama. "Hujavaa glavu."

"Nimesimama nyuma ya mstari. Sijasahau."

Mstari wenyewe ni wa rangi ya njano, umechorwa sakafuni hatua chache kutoka mlangoni, na umepinda. Umepinda kwa sababu tuliuchora wawili, mimi na yeye, tukicheka. Nilikizamisha kichupa kwenye barafu, nikafunika sanduku, ndipo nikageuka.

Nukta. Jina nilimpa mimi, kwa vile alikuwa hali wala halali, kazi kutazama nukta kwenye kompyuta, kila nukta kipande cha mgonjwa mmoja. Shati lilikuwa limepigwa pasi mbele tu. Ndevu zimeingia mvi shavu moja zaidi ya lingine, maana hata kuzeeka alikuwa anazeeka nusu nusu. Lakini macho yalikuwa yaleyale, yale ambayo yakikutazama unajikuta unatengeneza kola bila sababu.

"Umezeeka," nilimwambia.

"Na wewe hujabadilika hata kidogo."

"Muongo."

"Muongo," alikubali.

Tukacheka. Halafu kicheko kikatutisha wote wawili.

Alinyoosha shingo kutazama ndani. "Friji ile bado inaunguruma?"

"Mpaka uipige teke."

"Na kiti changu?"

"Kilivunjika mguu. Nilikataa kisitupwe," nilisema, kisha nikajiuma ulimi. "Yaani, tunawekea maboksi."

Sikutaka kukumbuka, lakini kumbukumbu haziombi ruhusa. Enzi zile maabara ilikuwa ya watu watatu: Profesa, yeye na mimi. Mimi nilikuwa nashuka chumba cha upasuaji na sanduku la barafu, nasubiri mlangoni. Daktari akishaukata uvimbe, kipande kidogo kinakuja kwangu, nami napanda nacho ngazi mbio, maana ujumbe ulio ndani ya zile seli unaharibika upesi kuliko samaki juani. Ndiyo asili ya jina langu.

Wagonjwa wakiniuliza tunafanya nini huku juu, huwaambia tunasikiliza. Seli zote za mwili wako zina jeni zilezile, ila si zote zinazoongea. Jeni zinazoongea kwenye pafu si zile zinazoongea kwenye jicho. Pafu likishikwa na saratani, jeni fulani zinaanza kupiga kelele, na nyingine zinazibwa mdomo. Sisi tunalinganisha kipande cha uvimbe na kipande chenye afya cha pafu hilohilo, tunatafuta ipi inayopiga kelele, kisha tunauliza: kuna dawa popote duniani, hata kuukuu, hata ya ugonjwa mwingine kabisa, inayoweza kuinyamazisha?

Basi kazi ilipozidi, Nukta alianza kunisaidia kutayarisha vipande. Yeye alifanya vya asubuhi, mimi vya mchana nikishatoka upasuaji. Na siku moja nukta zake zikajigawa kwenye kompyuta. Kundi moja kushoto, kundi moja kulia, katikati peupe.

"Barafu! Njoo uone! Si saratani moja hii, ni mbili! Kila moja itakuwa na dawa yake!"

Tulirukaruka kama watoto waliofunga shule. Tayari nilikuwa nimeshaanza kufikiria nguo nitakayovaa siku ya kupewa tuzo. Profesa akaja, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu.

"Nani alitayarisha hivi vya kushoto?"

"Mimi," alisema Nukta.

"Na vya kulia?"

"Mimi," nikasema.

Profesa akavua miwani. "Hongereni sana. Mmegundua kwamba nyinyi ni watu wawili."

Mashine haikuona saratani mbili. Ilikuwa imeona mikono miwili, wa kwake wa polepole na wa kwangu wenye haraka. Tuliagizwa turudie kazi yote, na safari hii tukae meza moja, kila kipande kipite kwake na kwangu, mpaka mashine ishindwe kututenganisha.

Miezi ile sijapata mingine kama hiyo. Tulikaa bega kwa bega, yeye akishika, mimi nikikata, kesho yake kinyume. Glavu muda wote, maana kidole kitupu kinatosha kuuharibu ujumbe wa jeni. Kwa hiyo ndani ya chumba hiki hakuwahi kunigusa mkono hata mara moja. Tulikuwa tunatoka, tunasimama kwenye ngazi, tunavua glavu, ndipo anaushika. Mkono wangu ulikuwa na unga mweupe wa glavu na baridi ya sanduku.

"Vidole vyako vimekufa ganzi," alisema mara ya kwanza.

"Unadhani jina umeniita bure?"

Tulipomaliza kurudia, nukta zote zilikuwa zimechanganyika, kundi moja tu. Ugunduzi wetu ulikufa pale pale, na sisi tukaufurahia msiba wake kama mazuzu.

"Unafikiria siku ya Profesa," Nukta alisema sasa, kutoka mlangoni.

"Nafikiria kazi niliyo nayo. Umekuja kwa shughuli gani?"

Alishika fremu ya mlango. "Mama yuko chini. Wadi ya kifua."

Maneno yote niliyokuwa nimemtunzia miaka yote hii, makali makali, niliyoyanoa nikioga na nikipika, yalinitoka kichwani.

"Pole," nilisema. "Pole sana. Tangu lini?"

"Walimpasua mwezi uliopita. Kipande chake kililetwa hapa kwenu. Daktari ametuambia ni chenye kibandiko cha kijani."

Nilishika meza. Sampuli zetu hazina majina, tunaona vibandiko tu. Na kile cha kijani nilikifahamu kuliko vyote, maana ndani yake jeni moja ilikuwa inapiga kelele mpaka inaziba nyingine zote, na tulipotafuta tukakuta dawa ya zamani, ya ugonjwa usiohusiana kabisa na mapafu, ambayo huenda ikaiweza. Siku ile niliwaambia vijana wangu kwamba mgonjwa huyo, awe nani awe nani, ana bahati. Nilipiga makofi. Kumbe nilikuwa nampigia makofi yule mama.

"Amewekwa kwenye majaribio ya dawa," Nukta aliendelea. "Lakini anakataa kuimeza. Daktari amemweleza mpaka amechoka. Leo ndiyo mwisho, asipoanza nafasi anapewa mwingine. Anasema aliyekisoma kifua chake aje amwambie mwenyewe."

"Anajua ni mimi?"

"Daktari alimwambia. Ndiyo maana anataka. Amesema, kamwite yule binti. Na nije mwenyewe, nisitume mtu."

Yule binti. Mara ya mwisho kuonana na mama huyo nilikuwa nimekaa kwenye kochi lake lenye vitambaa vya kufuma, nimevaa gauni la kuazima kwa dada yangu, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimepelekwa kutambulishwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipouliza habari za wazazi wangu. Nikamweleza kwamba baba, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma, tulimzika kwa saratani ya mapafu, na kwamba babu naye aliondoka kwa kifua. Ndiyo sababu nilisomea kazi hii. Nilidhani atanipa pole.

Badala yake alimgeukia mwanawe. "Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Mbele yake hapa, niambie. Wajukuu zangu watakuwa salama?"

Nikamwona Nukta anaweka kikombe chini, anakunja uso ule wa kutazama grafu.

"Mama, hatuwezi kusema kwa uhakika. Inategemea mambo mengi. Kwa takwimu zilizopo..."

Akataja asilimia! Jamani, nimekaa pale na gauni la watu, na mwanaume aliyeniambia ngazini kwamba hawezi kupumua bila mimi anataja asilimia. Nilimtazama nikisubiri aongeze neno moja tu. Hakuongeza. Nikashukuru kwa chai, nikaondoka. Alinikimbilia mpaka getini akisema, "Lakini ndio ukweli, Barafu, ulitaka nidanganye?" Ulikuwa ukweli kweli, na ndio maana uliniuma. Muda si mrefu akapata kazi mji mwingine, akaenda.

"Nina kazi," nilimwambia sasa. "Vipande hivi havisubiri."

"Najua. Mimi naweza kusubiri."

"Hapo mstarini?"

"Hapa hapa."

Nikafanya kazi yangu yote nikiwa nimempa mgongo, na nisiseme uongo, niliifanya polepole kuliko kawaida. Kila nilipogeuka kuchukua kitu, alikuwa amesimama vilevile, ncha za viatu zimegusa njano bila kuvuka.

Tulishuka ngazi.

Mama yake alikuwa kitanda cha dirishani. Mwanamke aliyekuwa anajaza kochi zima sasa alikuwa amepungua mpaka shuka lilionekana zito kwake. Ila kilemba alikifunga vilevile, kwa ukali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinikagua toka juu mpaka chini. "Umenenepa kidogo. Umependeza."

"Asante, mama."

"Kaa." Nukta naye akavuta kiti. "Wewe simama," alimwambia. "Nani kakwambia ukae?"

Akasimama, mtu mzima na mvi zake.

"Haya binti, nieleze. Usinieleze kama yule daktari, anaongea kama redio."

Nikamweleza. Nikamwambia habari za jeni zinazoongea na zinazonyamaza, na ile ya kwake inayopiga kelele, na dawa tunayodhani itaifunga mdomo.

"Yaani kifuani mwangu kuna mmoja anawapigia wenzake kelele?"

"Ndiyo, mama."

"Atakuwa amenirithi mimi." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Nukta akamwinua mgongo mpaka kikatulia. Alipopata pumzi aliniangalia machoni, na utani ulikuwa umekwisha.

"Nikiinywa, nitapona?"

Nilifungua mdomo. Na Mungu ni shahidi, neno lililokuwa limekaa juu ya ulimi wangu, tayari kutoka, lilikuwa "inategemea". Nililiona lilivyo. Hakukuwa na neno jingine la kweli kuliko hilo. Dawa ile ilikuwa imejaribiwa kwa watu wachache mno, wengine imewafaa, wengine haikuwafanyia kitu. Nilimtupia jicho Nukta. Alikuwa ameinamisha kichwa anatazama sakafu, na masikio yamemwiva. Alikuwa anajua kabisa nimefika wapi.

Nikaushika mkono wa mama yake. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

"Sijui, mama," nilisema. "Wapo iliowasaidia, na wapo ambao haikuwasaidia, na sijui wewe utakuwa upande gani. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya. Lakini kila ukitolewa kipimo, nitakisoma mimi. Nitashuka ngazi nikwambie mimi mwenyewe, kiwe kizuri kiwe kibaya. Hutakisikia kwa mtu mwingine. Nipo na wewe mpaka mwisho wa jambo hili."

Aligeuza uso dirishani. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia majani, kwaru, kwaru, na nilidhani nimeharibu.

"Umesikia?" hatimaye alimwambia mwanawe.

"Nimesikia, mama."

"Hujasikia! Siku ile nilikuuliza swali kama hili hili. Ukanipa asilimia."

Nukta aliinua kichwa. "Mama, ulitaka niseme nini? Kuhusu watoto ambao hawajazaliwa? Nisingeweza kujua."

"Kwani mimi nilikuwa sijui kwamba huwezi kujua? Nani anajua mambo ya watoto ambao hawajazaliwa? Nilikuwa natafuta kujua kama ukitishwa utasimama na huyu binti au utajificha. Ungesema, mama, sijui, lakini ndiye ninayemtaka, ningenuna siku mbili tatu, kisha ningeanza kutafuta kitambaa cha harusi. Wewe ukajificha nyuma ya hesabu zako."

"Mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje? Jibu la kufundishwa nalo ni jibu?"

Mimi hasira ilikuwa imenipanda, hata mbele ya mgonjwa. Nilijikaza, nikashindwa.

"Na mimi, mama? Mlikuwa mnapimana nyinyi, lakini niliyeulizwa kama nimeoza ni mimi. Nilikuwa nimekaa pale pale."

Nukta akashtuka. Mama yake hakushtuka.

"Wewe nilikuonea," alisema. "Nasema mbele yake, asije akasema sikusema. Niliogopa, nikakosa adabu. Ulikuwa umezika baba, nami sikukupa hata pole." Akanibana vidole. "Pole ya baba, mwanangu."

Nilikuwa nimejiapiza sitamlilia mtu yeyote wa nyumba ile. Machozi hayakuwa na habari na kiapo changu. Nilimlilia baba, na gauni lile, na kiti kilichovunjika mguu, na miaka yote niliyopanda ngazi zile peke yangu. Yule mama akaniacha nilie, hakuniambia ninyamaze, na kwa hilo tu nilimsamehe nusu.

"Haya, niitieni nesi alete hiyo dawa," alisema nilipojifuta. "Ni chungu?"

"Sijui, mama. Sijawahi kuionja."

"Huyu hajui kitu," alimwambia Nukta, "lakini sikia anavyojibu."

Akaimeza pale pale na maji nusu glasi, akakunja uso, akasema ni chungu. Kisha akafumba macho na kutuambia tumtoke, anataka kulala, tumemchosha kwa upumbavu wetu.

Tulipanda ngazi. Kwenye ile ngazi yetu, palipo na dirisha dogo, Nukta alisimama. Mimi nilipanda moja zaidi, nikasimama pia, kwa hiyo nilikuwa nimemzidi urefu kidogo, na hilo lilinipa nguvu.

"Barafu."

"Sema."

"Nataka kukuuliza kama bado kuna..." Akakwama.

"Takwimu zinasemaje?"

"Usinichokoze."

"Nakuchokoza. Nina haki."

Akaniinulia uso. "Sina takwimu. Sijui kama umebakiza chochote kwa ajili yangu. Sijui kama mama atapona. Kama tungepata watoto, sijui wangekuwaje, wala kama muda wa watoto haujatupita. Sijui kitu chochote. Lakini nimeacha kazi kule, sirudi. Ukinifukuza leo nitakuja kesho, nitasimama nyuma ya mstari. Wewe ndiye ninayemtaka. Nilikutaka siku ile nikanyamaza, na nimekaa na ule unyamavu mpaka leo."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemtunzia majibu mengi, na mazuri. Nikayaacha yote. Niliingiza mkono mfukoni mwa koti langu, nikatoa glavu jozi mbili, nikampa moja.

"Juu kuna kazi," nilisema. "Vijana wangu wanachora grafu zenye rangi kama mapazia. Ukitaka kuvuka mstari, vaa."

Alizipokea, lakini hakuzivaa.

"Tukishavaa hairuhusiwi kushikana," alisema. "Nipe mkono kwanza."

Nilimpa. Aliushika kama zamani, kidole gumba chake juu ya vifundo vyangu.

"Bado wa baridi," alisema.

Simu ya chumba cha upasuaji ikaanza kuita mfukoni mwangu. Niliipokea kwa mkono mwingine.